Cheche: Jarida la wanafunzi lililoiudhi serikali ya kijamaa

MNAMO Mei 2023, mashine za kuchuma majanichai ziliteketezwa Kericho katika ghasia za wakazi waliolalamika kuwa zinawapokonya ajira. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mashamba hayo yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye Unilever yalikuwa yamenunuliwa na hazina ya uwekezaji ya CVC. Jina langoni lilibadilishwa. Mchumaji alibaki na kikapu kile kile.

Swali la nani hasa anayefaidi jasho la shamba liliwahi kuulizwa kwa ukali na wanafunzi wa Dar es Salaam, wakati chuo chao kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Makerere. Jarida lao liliitwa Cheche.

Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Wachapishaji walikuwa Umoja wa Vijana wa TANU chuoni na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Halikuwa jarida la kila wiki. Lilitoka baada ya miezi kadhaa, likachapwa kwa stensili na wanafunzi wenyewe bila mshahara wala tangazo la biashara.

Jina lilitokana na Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark la Ghana ya Nkrumah. Yote mawili yana maana ya cheche. Ajabu ni kwamba jarida lenye jina la Kiswahili, lililowatetea wakulima na wafanyakazi, liliandikwa kwa Kiingereza. Mkata katani wa Tanga hangeweza kulisoma.

Msimamo wake si rahisi kueleweka kwa anayedhani mrengo wa kushoto ni kitu kimoja. Cheche halikupinga ujamaa. Lililiunga mkono Azimio la Arusha la 1967, ila likashikilia kuwa halikutosha. Mwalimu Nyerere alifundisha kuwa jamii ya jadi ya Kiafrika haikuwa na matabaka. Vijana hawa, waliosoma Marx, walidai matabaka yapo na yanapambana kimyakimya.

Hoja hiyo ilikolea Septemba 1970, jarida lilipotoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji. Alionyesha kuwa kampuni zilizotaifishwa ziliendelea kuongozwa na mashirika ya kigeni kupitia mikataba ya ubia na usimamizi. Yaani, serikali ilishika hati na mgeni akashika usukani. Mkazi wa Kericho au Bomet anaweza kuisoma hoja hiyo leo akatambua nyumbani kwake. Katiba ya 2010 ilipunguza ukodishaji wa ardhi kwa wageni kutoka miaka 999 hadi isiyozidi 99, lakini madai ya Wakipsigis na Watalai waliofurushwa enzi za ukoloni yangali yanasubiri.

Novemba 1970, Cheche na USARF vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina hilo lilikuwa la kuazima, na lilifanya ionekane kana kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Hakuna aliyejibu takwimu za Shivji kwa njia hiyo. Umoja wa Vijana uliendelea na jarida jingine, Maji Maji, jina ambalo hakuna aliyeweza kuliita la kigeni.

Kenya haikutoa hata nafasi hiyo finyu. Pambana, la mwaka 1982, lilichapishwa na kusambazwa kwa siri.

Miongo minne baada ya marufuku, Hirji alihariri kitabu cha kumbukumbu za Cheche, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Nacho, kama jarida lenyewe, ni cha Kiingereza.