Malale: Maabara Inavyowatambua Pacha Wawili

Wanachuo wenzangu, kwetu Genkuru ng'ombe akianza kukonda wakati majani yapo, manyoya yamemsimama na damu imempungua, mzee hahitaji digrii kuhisi ni mbung'o. Hifadhi ya Serengeti haiko mbali, na mbung'o hajui mpaka. Swali gumu ni jingine: kimelea alichonacho huyo ng'ombe kinaweza kumwua na mwenye ng'ombe?

Darubini haikupi jibu. Trypanosoma brucei brucei, isiyomdhuru mtu, na Trypanosoma brucei rhodesiense, inayoleta malale, ni pacha kabisa. Damu ya binadamu ina protini inayoiua ya kwanza. Ya pili inanusurika kwa sababu ina jeni inayoitwa SRA.

Zamani walithibitishaje? Mwaka 1958, jirani zetu hapo Nyanza, Kenya, watafiti walichukua vimelea vya pongo wakamdunga mtu aliyejitolea. Akaugua. Mwaka 1966, huko huko Nyanza, ikathibitika kuwa ng'ombe nao wanabeba malale. Peleka pendekezo la kudunga watu kwenye kamati ya maadili leo, uone!

Sasa tunaiuliza DNA yenyewe. Ni nyuzi mbili zilizoshikana: A na T, C na G. Ukiipasha moto hadi karibu sentigredi 95, zinaachana. Ikipoa, kila uzi unatafuta mwenzake. Hapo unaingiza probu, yaani kipande kifupi cha DNA kinachooana na SRA, kilichowekewa alama ya mionzi au ya kung'aa. Kikiikuta SRA, kinanasa. Kisha unaosha, na kisichonasa kinakwenda na maji. Kuosha huko ndiko kwenye kazi: maji ya baridi yenye chumvi nyingi yanaacha hata probu iliyoshika nusunusu, unapata jibu la uongo, joto likizidi, hata iliyoshika sawasawa inabanduka. Siku hizi PCR huzidisha DNA kwanza, ila kanuni ya kutafutana ni ile ile.

Mwaka 2001 SRA ilipatikana kwa ng'ombe wa Soroti, Uganda, ambako malale iliingia na mifugo iliyonunuliwa mnadani. Ng'ombe hao wangetibiwa kabla ya kuuzwa, habari ingekuwa nyingine. Nasi tunauza ng'ombe mnadani kila leo.

Tatizo ni kwamba SRA ni jeni ya nakala moja. Vimelea vikiwa vichache, kipimo kinanyamaza, unaandika "hakuna" kumbe vipo. Kwa hiyo maabara makini hupima pamoja na jeni nyingine ya nakala moja, PLC, waliyonayo pacha wote wawili. PLC ikionekana bila SRA, unaweza kumwambia mfugaji kuwa kimelea hicho hakimpati mtu. Zote zikinyamaza, hujamjibu chochote; rudi zizini ukachukue damu nyingine.