Sura ya Tano: Hatua Isiyorukwa

Barabara ya kutoka Butembo hadi Beni, katika eneo la Kivu mashariki mwa Kongo, ina urefu wa kilomita 54 hivi, lakini msafiri hupita katika nchi mbili za chakula. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko baridi haiishi, na viazi, kabichi, vitunguu na maharage hustawi. Kadiri gari linavyoteremka ndivyo joto linavyozidi, mpaka Beni kwenye michikichi, mihogo, ndizi na kakao. Kutoka Kyavinyonge, ufukoni mwa Ziwa Edward, huletwa samaki. Bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) iliyotiwa mawese, maharage na kipande cha samaki: wataalamu wa lishe wa nchi nyingi wangependa kuiona sahani kama hiyo mezani.

Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba 43% ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na majimbo ya Kivu yalikuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi. Sababu kubwa zinajulikana: vita, mashamba yaliyokimbiwa, umaskini, kuhara na malaria. Mpishi hana uwezo wa kuziondoa. Kilicho mikononi mwake ni namna ya kukiandaa kile kidogo alichopata, na humo jikoni hatua moja ikirukwa faida hupotea, au chakula hugeuka sumu.

Sombe ndiyo mfano ulio karibu. Jani la muhogo lina linamarini, ambayo peke yake imetulia tu, na lina pia kimeng'enya chenye uwezo wa kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mchi ukishuka kinuni, au jani likipita kwenye mashine ya sokoni, chembe za jani hupasuka na kimeng'enya huanza kazi: linamarini huvunjika na sianidi hutoka. Kinachoogopesha kwa jina ndicho kinachosafisha chakula, kwa sababu sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu na huondoka na mvuke wa sufuria iliyoachwa wazi. Mwenye haraka anayekatakata majani makubwamakubwa na kuyatumbukiza mara moja katika maji yanayotokota huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Linamarini hubaki, naye hudhani amepika.

Baada ya sumu kutoka, inabaki faida. Majani hayo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, na yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, ndiyo maana mawese yana kazi zaidi ya kuleta ladha. Mawese yenyewe ni mekundu kwa sababu ya karotini. Anayeyachoma kikaangoni mpaka yaache wekundu na kuwa meupe ameunguza kile alichokinunua. Yatiwe ndani ya sombe inayochemka, yaive humo polepole.

Mizizi nayo ina sheria zake, na historia ya Kongo imezifundisha kwa uchungu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uliowakumba watu wa Kwango, magharibi mwa nchi: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kuwa kama zamani. Ugonjwa huo, konzo, huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo chake ni muhogo mchungu ambao haukuloweshwa vya kutosha, kwa mlaji asiyepata protini. Mwili huiondolea sianidi ukali wake kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini; asiyekula maharage wala samaki hana akiba hiyo. Ndiyo maana konzo hulipuka wakati wa ukame, vita au biashara ya pupa, pale mihogo ya kuloweshwa siku tatu inapotolewa majini baada ya siku moja ili iwahi gari la mnunuzi.

Unga wenye mashaka unaweza kuokolewa. Njia iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia ilipelekwa katika vijiji vya Popokabaka, huko huko Kwango: unga hulowanishwa kwa maji, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, huachwa juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, kisha hupikwa bugali siku hiyo hiyo. Haihitaji mashine wala dawa.

Maharage nayo yana madini ya chuma, na chuma kinahitajika: uchunguzi ule ule wa 2013–2014 ulikuta watoto sita kati ya kumi wana upungufu wa damu. Maharage yakilala majini usiku kucha na maji hayo yakamwagwa, hupungua vitu vinavyokishika chuma kisiingie mwilini. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukizuia chuma hicho. Ikisubiri saa moja baada ya kula, madhara hupungua sana. Pera, chungwa au marakuja baada ya maharage hukisaidia kiingie.

Mwili uliolishwa vizuri unahitaji pia kulala, na usingizi una maadui ambao hakuna ushauri wa kitabu unaoweza kuwashinda. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafanya watu wengi wa Beni walale wakisikilizia nje. Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wa kaya. Kasiksi, pombe ya ndizi, humlaza mtu upesi na kumwamsha usiku wa manane. Kahawa ya saa kumi na moja jioni bado ina karibu nusu ya nguvu yake mwilini saa nne usiku.

Na kuna mbu. Mwishoni mwa Novemba 2018, Ebola ikiwa imepamba moto, Shirika la Afya Duniani na wizara ya afya walianza Beni kampeni ya siku nne ya kugawa dawa za malaria na vyandarua, ikilenga watu hadi 450,000. Hadi nusu ya waliofika kupimwa katika vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu. Chandarua kipya chenye dawa kinapaswa kutundikwa kivulini kwa siku nzima kabla ya kulaliwa, kisha pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka. Wafanyabiashara wa Butembo, waliozoea baridi isiyo na mbu wengi, wakishuka Beni wasafiri nacho.

Anayenunua unga wa muhogo aulize uliloweshwa siku ngapi. Muuzaji akisita kujibu, mnunuzi aulowanishe asubuhi na kuutandaza mkekani juani kwa saa mbili, na bugali utakuwa tayari kwa chakula cha mchana.