Kinshasa: safari moja, malipo mawili au matatu

Kila mara serikali inapotangaza mpango mpya wa usafiri kwa jiji la Kinshasa, habari inaanza na idadi ya mabasi: yamenunuliwa mangapi, yamefika mangapi Matadi. Mfanyakazi anayesimama kando ya Boulevard Lumumba saa kumi na mbili asubuhi ana hesabu nyingine. Anahesabu dakika alizongoja, magari atakayopanda mpaka kazini, na franga zitakazobaki jioni kwa ajili ya mboga. Hesabu hii ya pili haiandikwi popote. Ndiyo maana mipango inafuatana, na mistari ya watu wanaongojea gari haipungui.

Kinshasa ina mitaa 24 na wakaaji wanaopita milioni 15. Maofisi na mabenki mengi yako Gombe, lakini wakaaji wengi wanalala mbali, Masina, Ndjili, Kimbanseke na kwingineko. Asubuhi umati mzima unaelekea upande mmoja, jioni unarudi. Gari lililojaa kwenda Gombe linarudi karibu tupu, na mafuta ya kurudi yanalipwa na wale walioketi wanne kwenye benchi ya watu watatu.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo kila mkaaji wa Kinshasa anaijua kwa jina la demi-terrain. Nauli ya kila njia inawekwa na serikali ya jiji. Shofa haruhusiwi kuipandisha, basi anaikata njia yenyewe. Gari lililopaswa kutoka Gombe mpaka Ndjili linaishia, kwa mfano, Limete. Wote wanashuka. Mara nyingi ni gari lile lile ambalo risiveri wake anaanza tena kupaza sauti kwamba linaenda Ndjili, na wale walioshuka wanapanda na kulipa upya.

Kwa karatasi nauli haikupanda hata franga moja. Lakini kama nauli ya njia ni franga 1.000, mfanyakazi anayekatiwa njia mara moja asubuhi na mara moja jioni, kwa siku 26 za kazi, anatoa 104.000 kwa mwezi badala ya 52.000. Ni mfano wa hesabu tu, ila unaonyesha mahali pesa zinapopotelea. Ripoti inayoangalia nauli rasmi peke yake itasema usafiri ni wa bei nafuu.

Kuwatukana mashofa ni rahisi, na abiria hawakosi kufanya hivyo. Lakini shofa wengi si wenye gari. Kila jioni wanampelekea mwenye gari pesa ya versement, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya. Juu yake kuna mafuta, kuna tairi zinazokatwa na mashimo, kuna pesa zinazoachwa mikononi mwa polisi wa barabarani. Gari likikwama saa mbili kwenye msongamano, benchi zote zimelipwa mara moja tu kwa saa hizo mbili. Likikata njia, zinalipwa mara mbili. Serikali ya jiji imekataza demi-terrain zaidi ya mara moja. Inapungua kwa siku kadhaa, kisha inarudi, kwa kuwa versement haikuguswa, wala msongamano.

Si kwamba hakuna kilichojaribiwa. Wazee wa Kinshasa wanakumbuka mabasi ya OTCZ na ya SOTRAZ, na wale wa umri wa katikati wanakumbuka City Train. Mwaka 2013, wakati wa waziri mkuu Matata Ponyo, serikali iliunda kampuni ya Transco. Watu waliozoea zile Mercedes 207 zilizopewa jina la Esprit de mort, roho ya kifo, kwa sababu ya ajali zake, walipata basi kubwa lenye dirisha nzima, tiketi na bei ya chini. Baadaye yakaja mabasi madogo yaliyoitwa Esprit de vie, roho ya uhai, ili kuondoa zile za zamani.

Transco ilisaidia watu, hilo halina ubishi. Isipokuwa basi halitembei kwa sababu tu lilinunuliwa. Linataka vipuri, makanika, mafuta, na shofa aliyelipwa mshahara wake. Wafanyakazi wa Transco wamegoma mara kadhaa wakidai malimbikizo ya mishahara, na siku ya mgomo abiria anagundua kwamba basi lake la bei nafuu halipo. Nauli ya chini inamfurahisha msafiri, lakini kama serikali inaiamuru bila kutoa kwa wakati pesa za kujazia, basi linajilipia kwa kuliwa polepole: leo taa, kesho breki, keshokutwa linaegeshwa. Kwa mtu anayengoja, mabasi mia yaliyoegeshwa na mabasi ambayo hayakununuliwa ni kitu kimoja.

Jaribio lingine lilikuja tarehe 27 mwezi wa kumi 2024. Wizara ya usafiri iliamua kwamba barabara fulani kubwa za Kinshasa zitumike kwa mwelekeo mmoja, kwa zamu, kufuatana na saa. Siku za kwanza msongamano ulihamia kwenye barabara nyingine, na watu wengi walitembea kwa miguu mwendo mrefu kutafuta mahali ambapo gari linapita. Baadaye mpango ukasimamishwa. Ulifikiriwa kutoka kiti cha mwenye gari dogo: namna gani magari yaende mbio. Mtu wa basi hakuwemo kwenye mchoro.

Kumweka ndani ya mchoro hakuhitaji mabilioni. Nairobi, kuanzia mwaka 2012, wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu cha mji huo, pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi na kuandika kila kituo na kila njia. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 ambazo mpaka hapo zilikuwa vichwani mwa mashofa tu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kwa macho kwamba karibu njia zote zinaishia katikati ya mji, hata kwa msafiri asiye na shughuli huko.

Wafanyabiashara wa Kongo wanaokwenda kununua mali Kariakoo wanajua upande mwingine wa habari. Dar es Salaam ilifungua mwendokasi mwaka 2016, njia ya kilomita 21 iliyotengwa kwa mabasi peke yake. Pale basi linapopatikana, safari inafupika sana. Lakini ilianza na mabasi 140 tu, ambayo hayakutosha, na karakana ya Jangwani ilijaa maji ya mvua mara nyingi. Watu wakajikuta wanangoja tena, safari hii kwenye kituo kizuri chenye paa.

Goma, Bukavu na Bunia hali ni nyingine. Mtu anatembea kwa pikipiki, au kwa taksi inayobeba mpaka ijae, na kwenye njia za mawe au za milima motari ndiye peke yake anayefika mlangoni. Bei inapanda mvua ikianza, inapanda tena giza likiingia. Mwanamke anayetoka Panzi kwenda Nyawera, au Katuba kwenda katikati ya Lubumbashi, naye anajua kwamba bei ya asubuhi si ya jioni. Hakuna kibao kwenye parkingi kinachosema nauli ni kiasi gani, ingawa kibao cha mbao na rangi hakizidi bei ya tairi moja.

Kazi kama ile ya Nairobi inaweza kufanywa na vyuo vya miji hii katika majuma machache: saa ya kufika kituoni, saa ya kupanda, idadi ya malipo mpaka mwisho wa safari, watu wangapi kwenye pikipiki moja, gari ngapi zilisimamishwa njiani na kwa sababu gani. Ikifanywa, wanafunzi wasingojee saa mbili asubuhi ndipo waanze kuhesabu. Mama anayepeleka samaki sokoni amekwisha kupita saa kumi na moja, na ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote.