Joseph Lagu: Askari Aliyefunga Vita kwa Kalamu

Tarehe 27 Machi, 1972, mjini Addis Ababa, afisa mmoja wa miaka arobaini alitia sahihi mkataba uliokomesha vita vya miaka kumi na saba katika Sudan ya Kusini. Afisa huyo alikuwa Joseph Lagu, kamanda mkuu wa wapiganaji wa Anya-Nya. Kalamu ilipowekwa chini, kazi iliyo ngumu zaidi ilikuwa ikimngoja Juba: kuwalaza katika kambi moja watu ambao jana waliwindana.

Kutoka chuoni hadi msituni

Lagu, Mmadi wa Moli, kusini ya Juba, alizaliwa mwaka 1931. Alisoma Rumbek, kisha akaingia Chuo cha Kijeshi cha Omdurman, akatoka mwaka 1960 akiwa na nyota ya luteni. Wakati huo askari wa kusini walikuwa wamekwisha kuasi Torit, tarehe 18 Agosti, 1955. Mwezi wa Juni, 1963, Lagu naye aliliacha jeshi la Serikali, akavuka mpaka kuingia Uganda.

Wapiganaji aliowakuta hawakuwa na umoja. Walijiita Anya-Nya, jina la sumu ya nyoka; wengi walikuwa na mikuki na bunduki chache walizoteka, na kila kiongozi alitawala msitu wake. Mambo yaligeuka tangu mwaka 1969, Lagu alipopata silaha na wakufunzi kutoka Israel, wakipitia makao yake ya Owiny-Ki-Bul, karibu na Uganda. Mwenye ghala ndiye mwenye amri. Makamanda waliokuwa wakigombana walianza kumtii mmoja.

Lakini silaha si sifa pekee ya amiri. Mwishoni mwa mwaka 1971 ndege ya abiria ya Sudan Airways ilianguka katika eneo la Anya-Nya. Lagu aliamuru walionusurika watunzwe, kisha waachiliwe. Tendo hilo lililainisha mioyo wakati mazungumzo yalipokuwa yakiandaliwa.

Kambi moja

Mkataba uliagiza jeshi la kusini liwe na askari 12,000: nusu kutoka kusini, nusu kutoka kaskazini. Lagu, aliyepewa cheo cha Meja Jenerali, ndiye aliyesimamia kuingizwa kwa wapiganaji wake. Muda uliowekwa ulikuwa miaka mitano.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hilo. Nafasi zilikuwa 6,000, na waliotoka msituni walikuwa wengi kuliko nafasi. Aliyepata sare alipata mshahara na chakula cha watoto; aliyekosa alirudi kijijini mikono mitupu. Nao waliopata waliamkiana asubuhi na mtu ambaye huenda ndiye aliyemuua ndugu yao. Mwaka 1975 waliolelewa msituni waliasi huko Akobo, wakamwua mkuu wao, Kanali Abel Chol, aliyekuwa naye Anya-Nya. Hata hivyo sehemu kubwa ya jeshi ilisimama, na wakimbizi wakarudi kulima.

Siasa na mipasuko

Mwaka 1978 Lagu alivua sare, akawa mkuu wa Serikali ya kusini mjini Juba. Humo hakufaulu kama kambini. Mwaka 1980 Rais Nimeiri aliivunja serikali hiyo. Baadaye Lagu, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais tangu mwaka 1982, aliunga mkono kusini igawanywe mikoa mitatu. Wengi hawakumsamehe. Mwezi wa Mei, 1983, askari wa Bor waliasi; mwezi uliofuata Nimeiri akaigawa kusini, na mkataba ukafa. Vita vilivyozuka vilidumu hadi mwaka 2005. Kiongozi wake, John Garang, alikuwa mmoja wa vijana walioingizwa jeshini mwaka 1972.

Sudan Kusini ilijitawala tarehe 9 Julai, 2011, kisha ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Tarehe 30 Agosti, 2022, kikosi cha kwanza cha jeshi la pamoja kilihitimu mjini Juba, na swali likawa lilelile la mwaka 1972.

Maisha ya Lagu yanatujibu nusu yake. Maadui wanaweza kula chungu kimoja kwa miaka kumi na moja. Lakini chungu hicho hudumu tu iwapo wakubwa hawakipigi teke, na iwapo aliyebaki nje ya lango la kambi naye amepata jembe na shamba.