Dawa ya tomati na dawa ya mustikeri ni ndugu



Kuko mama mmoja mlimaji kule Sange, katika bonde la Ruzizi, aliniuliza kitu ambacho darasani sikufundishwa. Nilikuwa nimetoka kumwonyesha namna ya kupulizia tomati zake. Akasema: "Agronomu, mwana wangu, mbu za hapa zinakaa juu ya mustikeri mpya, zinaruka, zinaenda. Hazikufe. Ile dawa iliisha nguvu?"

Nikajibu haraka: pengine inafuliwa sana. Usiku nikasoma karatasi ya chupa ya dawa yangu: sipermetrini. Halafu nikasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mustikeri yangu: alfa-sipermetrini. Nililala vibaya.

Tuelewane. Kwa miaka mingi, dawa ya mustikeri ilikuwa ya familia moja tu, pireterinoidi. Iliigwa kutoka kwa maua ya pareto, yale yaliyolimwa Masisi na Rutshuru. Inaua namna gani? Mishipa ya fahamu ya mbu iko na milango midogo sana ambamo sodiamu inapita. Dawa inashika mlango ukiwa wazi, haujifungi tena. Mishipa inatetemeka bila kupumzika, mbu inaanguka, inakufa.

Sasa kuna mbu chache zinazozaliwa na mlango tofauti kidogo. Kwenye protini ya mlango huo, nafasi ya 1014, tofali moja tu limebadilika, na dawa haipati tena fasi nzuri ya kushika. Zingine ziko na njia ya pili: mwili wao unatengeneza enzimu nyingi zinazovunja dawa mbele ifike kwenye mishipa.

Dawa haifundishi mbu kuvumilia. Dawa inachagua. Inaua zile dhaifu, inaacha zile chache zenye kinga. Jike moja linataga mayai 50 mpaka 200 kwa mara moja, na kwenye joto yai linaweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili. Kisha miaka michache, zile chache ndizo zinakuwa nyingi.

Kweli, mustikeri zenyewe pia zinachagua. Lakini sisi wa kilimo tuko ndani. Mabuu ya anofele yanakulia kwenye maji ya mpunga na mifereji. Tunapulizia tomati pembeni, tunasafisha pompa ndani ya mfereji, na buu linakutana na dawa hata halijaota mabawa. Kule Burkina Faso na Benin, watafiti waliona jambo hilo kwenye maeneo ya pamba na mboga. Na Congo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria.

Kuko majibu. Mwaka 2017, OMS ilikubali mustikeri zenye PBO, kitu kinachozuia zile enzimu. Mwaka 2023, ikapendekeza zile zilizochanganywa na klorfenapiri, inayokata nguvu ndani ya seli za mbu. Lakini klorfenapiri pia ni dawa ya shamba! Tukirudia kosa lile lile, hata hiyo tutaipoteza.

Nilirudi kwa ule mama. Sikumwambia aache mustikeri: hata dawa ikichoka, kitambaa kisichotoboka bado kinazuia mbu kuuma. Tulikubaliana mambo manne. Kuhesabu wadudu kwanza, mbele ya kupulizia. Kutorudia dawa za familia moja kila mara. Kusafisha pompa mbali na maji. Na kuacha mpunga ukauke siku chache kati ya kumwagilia, mabuu yafe.

Akauliza: "Sitapoteza tomati?" Nikamwambia ukweli: pengine kidogo. Akacheka. "Watoto wakilala na palu wiki nzima, nani atanisaidia kuzichuma?"

Basi wewe mwenye lisansi ya kilimo, mbele ya kumwandikia mtu dawa, soma familia yake kwenye chupa. Kinachotoka ndani ya ile chupa hakibaki shambani. Kinafika mpaka kwenye kitanda cha mtoto.