Jazz kwenye CD: soko limesinyaa, maboksi bado yanalipa

Mwaka 2000 ziliuzwa CD zipatazo milioni 943 nchini Marekani. Kilele hicho hakijafikiwa tena. Miaka ishirini baadaye zilibaki milioni 31.6, na ingawa mwaka 2021 mauzo yalipanda hadi milioni 46.6, mwaka 2022 santuri ziliipiku CD kwa idadi ya nakala kwa mara ya kwanza tangu 1987: milioni 41 dhidi ya 33. Mfanyabiashara anayesoma takwimu hizi tu hatathubutu kutia mtaji wake kwenye CD.

Hata hivyo, ndani ya soko hilo kuna kona moja ambayo haijafunga milango. Ni biashara ya albamu za jazz za zamani, hasa zile zinazokusanywa katika maboksi: kazi zote alizorekodi mwanamuziki kwa lebo moja, zikapangwa kwa tarehe, zikaambatana na kijitabu cha maelezo na picha. Wanunuzi wake ni wachache, wanajua wanachokitaka, na hawasiti kulipa. Huku kuna boksi la CD kumi linalouzwa kwa euro kati ya kumi na ishirini. Kule kuna boksi lenye CD pungufu ya hizo ambalo kwa muuzaji wa mtumba hufika mamia ya dola. Wanamuziki wanaweza kuwa walewale, na miaka ya kurekodi ileile. Tofauti ya bei inatokana na mambo matatu: sheria ya hakimiliki, tepu za awali, na kazi ya kutunza kumbukumbu.

Jazz na CD zilifaana

CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Upande mmoja wa santuri ya miaka ya 1950 ulibeba takriban dakika 20, hivyo albamu nzima ilikuwa ya dakika 40 hivi. CD ilibeba dakika 74. Kwa kampuni zilizokuwa na maghala yaliyojaa tepu za jazz, nusu saa hiyo ya ziada ilikuwa fursa ya biashara. Ilijazwa vipande vilivyorekodiwa lakini havikutumika. Katika aina nyingi za muziki, jaribio la pili la wimbo ni mabaki ya studio. Katika jazz, ambako mpiga solo hutunga papo hapo, jaribio la pili ni muziki mwingine, na shabiki yuko tayari kuulipia.

Fursa nyingine ilikuwa kusahihisha. Mfano unaojulikana zaidi ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa katika studio ya Columbia ya 30th Street, New York, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kuliko kawaida. Tepu yake ilipochezwa kwa kasi sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipanda sauti kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini dunia iliununua muziki huo ukiwa na kasoro hiyo, na mwanafunzi aliyejaribu kupiga ala yake sambamba na santuri alijikuta hapatani nayo. Toleo la 1992 lilitumia tepu ya mashine ya akiba, na kasi ikarekebishwa. Wenye nakala za zamani wakapata sababu nzuri ya kununua tena. Mwaka 2019 albamu hiyo ilitunukiwa hadhi ya platinamu mara tano nchini Marekani, yaani nakala milioni tano.

Blue Note, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilimrudisha kazini Rudy Van Gelder, mhandisi wa sauti aliyerekodi sehemu kubwa ya albamu zake za miaka ya 1950 na 1960 huko New Jersey, ili azitayarishe mwenyewe kwa ajili ya CD. Jina lake likawekwa kwenye jalada kama nembo. Ni bidhaa chache sana za muziki ambazo zimewahi kuuzwa kwa jina la fundi wa mitambo.

Mpaka wa 1962

Tazama kwa makini boksi la bei poa la mpiga saksafoni John Coltrane lililochapishwa Ulaya. Utaikuta Blue Train, utaikuta Giant Steps, utaikuta My Favorite Things. A Love Supreme, albamu yake mashuhuri kuliko zote, haimo. Mpangaji hakuisahau, sheria ndiyo iliyomzuia.

Barani Ulaya, rekodi ya sauti ilikuwa ikilindwa kwa miaka 50. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliamua kuongeza muda huo hadi miaka 70, na utekelezaji ukaanza Novemba 2013. Rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikurudishiwa ulinzi. Kwa hiyo kila albamu iliyotoka hadi mwisho wa 1962 ni miliki ya umma katika nchi za Umoja huo, na mtu yeyote anaweza kuichapisha bila kumwomba ruhusa mwenye tepu. A Love Supreme ilitoka Januari 1965, kwa hiyo inalindwa hadi mwisho wa 2035.

Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka la chini la soko hili. Membran ya Hamburg ilijaza maduka kwa maboksi ya CD kumi. Avid ya Uingereza hubana albamu nne katika CD mbili. Gharama zao ni za kuchapa diski, karatasi na usafirishaji, pamoja na malipo ya watunzi, maana haki ya utunzi husimama peke yake na hudumu miaka 70 baada ya mtunzi kufariki. Mpiga piano Thelonious Monk alifariki 1982. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2052, hata kama rekodi zake zilizotoka hadi 1962 ziko huru.

Marekani imeshika njia tofauti. Sheria ya 2018 inazilinda rekodi zilizotoka kati ya 1957 na Februari 1972 hadi tarehe 15 Februari 2067. Hivyo Kind of Blue ni mali ya umma jijini Paris, na jijini New York ni mali ya Sony, inayomiliki Columbia, kwa miongo kadhaa ijayo. Boksi lililo halali Hamburg haliwezi kuuzwa kihalali Marekani bila idhini.

Mnunuzi anafaidika, na sina kinyongo na kijana anayeonja muziki huu kwa mara ya kwanza kupitia boksi la euro kumi. Ila rahisi ina gharama yake. Tepu za awali zimo katika maghala ya kampuni kubwa, kwa hiyo mchapishaji wa bei poa hunakili kutoka kwenye santuri au CD iliyokwisha kutoka. Kijitabu mara nyingi hakuna. Anayetaka kujua nani alipiga ngoma kwenye wimbo wa nne itabidi akatafute kwingine.

Nakala chache, kazi nyingi

Tabaka la juu la soko lilijengwa na watu wawili, Michael Cuscuna na Charlie Lourie, walioanzisha Mosaic Records. Tangu miaka ya 1970 Cuscuna alikuwa amepata nafasi ya kuingia katika hazina ya Blue Note na kugundua kwamba Alfred Lion, mwanzilishi wa lebo hiyo, alikuwa amerekodi mengi zaidi kuliko aliyoyatoa. Tepu nyingi zilikuwa zimelala na maandishi machache juu ya makasha yake. Ilibidi azisikilize, azilinganishe na kumbukumbu za studio na kuwauliza wanamuziki waliokuwa bado hai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Cuscuna alilifufua daftari, na mali ikaonekana.

Seti ya kwanza ya Mosaic, rekodi zote za Monk kwa Blue Note, ilitoka 1983, ikiwa kwenye santuri. Baadaye kampuni ilihamia kwenye CD, lakini mfumo ulikuwa uleule. Mosaic haimiliki tepu. Inazikodi kutoka kwa kampuni kubwa kwa muda maalumu na kwa idadi maalumu ya nakala: 5,000, au 7,500, au 10,000. Kila boksi hupewa namba. Mauzo ni ya moja kwa moja kwa mteja kwa njia ya posta, hivyo hakuna dalali wala mwenye duka wa kugawana naye faida. Kwa miaka mingi bei ilikuwa dola 16 au 17 kwa kila diski. Nakala zikiisha au mkataba ukifika mwisho, seti haichapishwi tena.

Pande zote zilinufaika. Kampuni kubwa ilipata kodi kwa tepu ambazo zisingeiingizia chochote. Mnunuzi alipata sauti iliyotoka kwenye chanzo, tarehe za kila kikao, majina ya wapigaji wote na picha ambazo Francis Wolff wa Blue Note alizipiga studioni. Na kwa kuwa nakala zilikuwa za kuhesabika, thamani ya boksi ilipanda lilipoadimika. Seti ya CD 18 ya Nat King Cole na kundi lake la watatu, rekodi za lebo ya Capitol, ni miongoni mwa zinazosakwa sana.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston ilirekodiwa New York Novemba 1960, maneno yakiwa ya mshairi Langston Hughes. Sauti inayosikika ikisoma Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Albamu ilitolewa na lebo ya Roulette, ikapigwa marufuku Afrika Kusini mwaka 1964, kisha ikawa adimu. Mosaic iliiingiza katika seti ya CD tatu za Weston, ikiwa na maelezo kamili ya wapigaji na siku za kurekodi. Kazi iliyobeba ndoto ya uhuru wetu imefika mikononi mwa wasikilizaji wa leo kwa sababu kuna mtu aliyeona faida katika kuitafuta.

Kampuni kubwa na Japani

Kampuni kubwa zimecheza pande zote mbili. Sony ilitoa maboksi ya Miles Davis yenye uti wa chuma katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 ikamwaga albamu zote alizoifanyia Columbia katika boksi moja la CD 70. Lebo ya Verve ilitoa CD 18 za mpiga piano Bill Evans mwaka 1997 ndani ya kasha la chuma lililoachwa lipate kutu kwa makusudi, ili kila nakala izeeke kwa namna yake. Kwa upande wa bei nafuu, Sony na Warner hufunga albamu tano za msanii mmoja katika majalada membamba ya karatasi. Studio, mwanamuziki na mhandisi walishalipwa miongo mingi iliyopita, kwa hiyo hata bei ya chini huacha faida.

Soko lenye nguvu zaidi liko Japani, ambako zaidi ya nusu ya mapato ya muziki uliorekodiwa bado yanatokana na bidhaa za kushikika. Kampuni ya maduka ya muziki ya Tower Records ilifilisika Marekani mwaka 2006. Tower ya Japani, iliyokuwa imekwisha kujitenga, inaendelea kuuza. Albamu za lebo za Blue Note na Prestige hutolewa huko tena na tena, katika majalada madogo yanayofanana na ya santuri, yakiwa yamevishwa utepe wa karatasi pembeni. Utepe huo ukikosekana, bei ya mtumba hushuka.

Jicho la mnunuzi wa mtumba

Biashara ya mtumba sasa iko mtandaoni, hasa Discogs, iliyoanzishwa Oregon mwaka 2000 kama orodha ya santuri, ikageuka kuwa soko linalomtoza muuzaji asilimia 9. CD moja moja zimeshuka bei, kwa sababu wakusanyaji wanazeeka na warithi wanauza kwa fungu. Thamani imebaki kwenye maboksi yasiyochapishwa tena.

Kabla ya kulipa, omba picha ya upande unaong'aa. Kuzunguka tundu la katikati kuna namba ndogo zinazotaja kiwanda na toleo. Diski zilizochapwa Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993 katika kiwanda cha PDO nyingine zimegeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, na zikifika hapo hazitibiki. Maboksi ya zamani yalikuwa na vipande vya sponji vya kuzuia mtikisiko. Sponji hiyo huoza na kunata juu ya diski, basi itoe mara moja. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi, uzito wa boksi nao ni hesabu: usafiri na ushuru huweza kuipita bei ya muziki wenyewe.

Anayenunua ili auze baadaye akumbuke hatari moja. Kampuni yenye tepu ikitoa toleo jipya, bei ya toleo la zamani huanguka.

Mtaji ulio hatarini

Miaka michache ijayo haitaongeza rekodi huru Ulaya. Zilizotoka 1963 zitafunguliwa tarehe 1 Januari 2034, na wachapishaji wa bei poa watapata shehena mpya kila mwaka kuanzia hapo. Muziki mwingi kati ya huo tayari unasikika kwenye simu kwa ada ya mwezi. Kwa hiyo anayetegemea diski tu atakuwa akishindana na kitu kinachopatikana karibu bure.

Faida itabaki kwa anayejua tepu iko wapi, ilirekodiwa lini, nani alikuwemo, na kipi hakijasikika. Ujuzi huo umekuwa ukibebwa na watu wachache. Lourie alifariki mwaka 2000, Van Gelder 2016, Cuscuna 2024. Kampuni zinazomiliki hazina hizi huwekeza mamilioni kwenye mifumo ya kidijitali; nazo zinapaswa kuwaajiri na kuwalipa vizuri vijana wa kusoma makasha ya tepu. CD inaweza kupita kama vyombo vingine vilivyopita, na muziki ukahamia kwingine. Rekodi isiyojulikana ni ya nani haina pa kuhamia.