Matatizo ya usingizi kwa watu wazima

Matatizo ya usingizi ni hali zinazomzuia mtu kulala vya kutosha, kulala kwa wakati unaofaa au kupata pumziko anapolala. Kwa kawaida mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi kwa siku. Akizikosa kwa muda mrefu, umakini na kumbukumbu hupungua, na hatari ya ajali, shinikizo la damu na sonona huongezeka. Makala hii inaeleza matatizo yanayotokea mara nyingi, pamoja na mifano kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania.

Kukosa usingizi

Mtu hushindwa kupata usingizi, au huamka usiku na kushindwa kulala tena. Hali hii huhesabiwa kuwa sugu ikitokea angalau mara 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3. Husababishwa na wasiwasi, msiba, maumivu, sonona au dawa fulani. Kwa mfano, baadhi ya watumiaji wa dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, hukosa usingizi. Hao hawapaswi kuacha dawa, bali kumwuliza mhudumu wa afya kama wanaweza kuimeza asubuhi.

Mbinga hujulikana kwa kahawa, lakini kafeini imo pia katika chai. Mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu yake. Hivyo nusu ya kafeini iliyonywewa saa 11 jioni inaweza kuwa bado mwilini saa 4 usiku. Pombe, ukiwemo ulanzi, huleta usingizi haraka, lakini baadaye usiku huukatakata.

Kukatika kwa pumzi usingizini

Wengi hudhani kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mtamu. Kwa baadhi ya watu, misuli ya koo hulegea mpaka njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo humwamsha mtu kidogo ili avute pumzi, kisha hulala tena bila kukumbuka. Hayo yanaweza kurudiwa mara nyingi kila saa.

Asubuhi mgonjwa huamka amechoka, pengine kichwa kinamwuma, na mchana husinzia. Anayelala naye ndiye shahidi wa kwanza, kwa sababu husikia mkoromo ukikatika, kimya, kisha mshtuko wa pumzi. Kwa dereva hali hii ni ya hatari, hasa kwenye barabara za milimani kama ile inayoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Tiba ni pamoja na kupunguza uzito, kuacha pombe, kulala ubavu, na kutumia mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Tiba hiyo ya mashine ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake nchini Australia.

Kazi za usiku

Mwili una saa yake ya ndani, inayoongozwa hasa na mwanga. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayoutayarisha mwili kulala.

Katika Ziwa Nyasa, usipa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, hasa mwezi usipoonekana. Mbalamwezi inapong'aa, mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri, na uvuvi hupungua. Hivyo mvuvi anaweza kukesha majuma kadhaa, kisha kurudia usingizi wa usiku, kila mwezi. Saa ya mwili hubadilika polepole, kwa kadiri ya saa moja tu kwa siku, kwa hiyo inachelewa kila mara. Mvuvi anayesinzia mchana baada ya kukesha si mvivu. Anasaidiwa na chumba chenye giza na utulivu, na familia inayouheshimu usingizi wake wa mchana kama ule wa usiku.

Jinamizi

Mtu huamka akiwa na fahamu lakini hawezi kujongea wala kusema. Huhisi kukabwa, au kwamba kuna kiumbe chumbani. Wengi huhusisha hali hiyo na uchawi au mashetani. Kisayansi, wakati wa ndoto ubongo hulegeza misuli ili mtu asitende anayoyaota. Fahamu ikirudi kabla ya misuli, mtu hujikuta amefungwa. Hali hiyo hupita baada ya sekunde au dakika chache, na kwa kawaida haina madhara. Huzidi kwa mtu aliyechoka, mwenye wasiwasi au anayelala chali.

Miguu isiyotulia

Mgonjwa huhisi mnyweo miguuni jioni na hulazimika kuichezesha. Upungufu wa madini ya chuma na ujauzito ni miongoni mwa sababu, hivyo kupima damu ni hatua muhimu.

Tofauti na malale

Malale ni maambukizi ya vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Bila tiba malale huua, kwa hiyo mwenye homa na usingizi wa ajabu baada ya kuumwa na mbung'o awahi hospitali.

Matibabu

Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza si vidonge bali mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo yanayohusu kulala: kuamka saa ileile kila siku, kutumia kitanda kwa ajili ya kulala, na kuondoka kitandani usingizi usipokuja. Vidonge vya usingizi visinunuliwe bila ushauri wa daktari. Vingine huleta mazoea, na vinaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi.